Dhana potofu kuhusu keria za kubebea baiskeli nyingi kwa gari

Katika jiji la Tanga, ambako baiskeli bado ni chombo cha kila siku cha mwanafunzi, mchuuzi wa samaki na mzee anayekwenda msikitini, haishangazi kwamba familia zenye gari hutaka kuondoka na baiskeli zao zinapokwenda Pangani, mapango ya Amboni, msitu wa Amani au Lushoto. Baiskeli moja haina shida: kiti cha nyuma hukunjwa, gurudumu la mbele likatolewa, nayo ikaingia ndani. Shida huanza zinapofika tatu au nne, kwani hapo ndipo keria inapohitajika na ndipo ushauri wa vijiweni unapoanza kumiminika. Baadhi ya ushauri huo ni mzuri. Mwingine unaweza kuiacha baiskeli imelala katikati ya barabara ya Segera, na lori likija nyuma yake.

Dhana: Keria iliyoandikwa kuwa ni ya baiskeli nne hubeba baiskeli nne zozote.

Idadi hiyo ni idadi ya nafasi tu. Kinachoamua ni uzito, na uzito una mipaka mitatu inayopaswa kuheshimiwa kwa pamoja: ule ambao kila nafasi ya keria inaweza kuhimili, ule ambao keria nzima inaweza kuhimili, na ule ambao gari lenyewe limeruhusiwa kubeba mahali keria inapofungwa. Mpaka mdogo kuliko yote ndio unaotawala, na mara nyingi ni ule wa gari, ambao muuzaji wa keria hautaji kwa sababu haujui.

Keria nyingi zinazouzwa zimebuniwa kwa kufikiria baiskeli za kisasa za aluminiamu, ambazo ya mtu mzima huwa na kilo 13 hadi 15 hivi. Baiskeli ya chuma ya aina ya Phoenix, yenye madigadi mawili, stendi na keria yake ya nyuma, hukaribia kilo 20 na pengine huzidi. Ya betri nayo huweza kufika kilo 25. Tuchukue gari dogo ambalo paa lake limeruhusiwa kilo 75, kiwango cha kawaida kwa magari ya namna hiyo, ingawa yapo yaliyoruhusiwa kilo 50 tu. Vyuma viwili vya kukatiza paa vina kilo tano, na mifereji minne ya kusimamishia baiskeli, kila mmoja ukiwa na kilo nne, inafanya kilo 16. Kabla ya baiskeli hata moja kupandishwa, kilo 21 zimekwisha kutumika na zimebaki 54. Baiskeli zenye kilo 18 kila moja zitaingia tatu barabara. Ya nne italipeleka paa hadi kilo 93. Paa halitabonyea siku hiyohiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu kinachochoka polepole ni vishikizo, nati na kingo za bati, navyo huachia siku ambayo gari limetumbukia shimoni likiwa kwenye mwendo.

Kupima baiskeli hakuhitaji kifaa maalumu. Mtu asimame juu ya mizani ya kawaida, asome, kisha apande tena akiwa ameibeba baiskeli. Tofauti ya namba hizo ndiyo uzito wake. Kujua kiwango cha gari ni kazi kubwa zaidi, kwa kuwa magari yetu mengi ni mitumba ya Japani na kitabu chake, kama bado kipo kwenye droo ya dashibodi, kimeandikwa Kijapani. Hata hivyo namba na kifupisho cha kilo husomeka katika lugha yoyote, na siku hizi simu inaweza kuusoma ukurasa na kuutafsiri kwa kiwango kinachotosha. Pale ambapo kiwango hakipatikani kabisa, mimi ningelihesabu gari katika kundi la kilo 50.

Dhana: Gari linalovuta tela la tani moja haliwezi kushindwa na baiskeli nne.

Hoja hii husemwa kwa kujiamini sana, nayo inachanganya nguvu mbili tofauti. Tela linavutwa kwa mlalo, na uzito wake mkubwa umebebwa na magurudumu yake lenyewe. Chuma cha kuvutia tela kilicho nyuma ya gari, ambacho baadhi ya keria za baiskeli hufungwa juu yake, hupokea sehemu ndogo tu inayokikandamiza kwenda chini. Keria ya baiskeli haina magurudumu. Uzito wake wote unakikandamiza chuma hicho, tena ukiwa umejitokeza nyuma, kwa hiyo unakipinda pia. Ndiyo maana chuma kilichotengenezwa kiwandani huwa na kibao kinachoonyesha viwango viwili, cha kuvuta na cha kukandamiza, na kwenye magari mengi madogo na ya kati hicho cha pili ni kilo 50 hadi 100 tu. Keria ya mifereji ya baiskeli nne yenyewe huweza kuwa na kilo 20 au zaidi. Ukiongeza baiskeli nne za kilo 18 unapata kilo 92, na chuma kilichoruhusiwa kilo 75 kimekwishapitwa.

Uzito huo una athari nyingine ambayo dereva huihisi bila kujua chanzo chake. Kwa kuwa unaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, huibonyeza ekseli hiyo na kuinyanyua kidogo ile ya mbele, usukani ukawa mwepesi na taa za mbele zikaanza kumulika juu, machoni mwa wanaokuja. Baiskeli nzito kuliko zote inapaswa kukaa karibu zaidi na gari, na nyepesi nje. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa nzito ndiyo inayochosha kunyanyua na hivyo huachwa ya mwisho.

Dhana: Keria ya kuchomelewa ya chuma kizito ni imara kuliko ya dukani.

Sitaki kuwavunja moyo mafundi wetu, kwani wapo wanaoweza kutengeneza keria nzuri kabisa ya skwea paipu kwa bei ambayo ya kuagizwa haiifikii. Kosa ni kudhani kwamba kilo nyingi za chuma ndizo uimara. Keria yenye kilo 35 imekwisha kula karibu nusu ya ruhusa ya kilo 75, na maungio yake hayavunjwi na mzigo uliotulia, huvunjwa na mtikisiko. Ufa huanza pembeni ya weldi, mahali ambapo rangi imepasuka na mstari mwembamba wa kutu umejichora kama unywele. Mtu akipitisha kidole hapo husikia mkwaruzo kabla macho hayajaona kitu. Keria inayoonyesha mstari wa namna hiyo isipakiwe hadi irudi kwa fundi. Hewa ya chumvi ya pwani huharakisha mambo, hasa ndani ya bomba lililoachwa wazi mwishoni, na hivyo fundi aombwe kuziba kila ncha. Aidha, keria isichomelewe moja kwa moja kwenye bodi. Joto la kuchomelea huunguza kinga ya kutu upande wa ndani, na umeme wake unaweza kuharibu vifaa vya kielektroniki vya gari.

Dhana: Mahali salama zaidi ni juu, kwa kuwa hata mabasi hupakia juu.

Basi lina keria iliyozungushiwa ukingo, na baiskeli hulazwa huko zikapandana. Zinafika, lakini kila aliyewahi kupokea yake stendi anajua hali inayofika nayo: pedeli ya moja imepenya kwenye spoku za nyingine, na kishikio cha gia kimepinda kuelekea gurudumuni. Juu ya gari dogo, baiskeli zinapaswa kusimama wima, kila moja kwenye mfereji wake, na kwa kusimama huko gari lenye kimo cha mita 1.5 hufikia mita 2.6 au zaidi. Noah, ambayo yenyewe ina kimo cha mita 1.85 hivi, huvuka mita tatu. Geti la nyumba ya wageni, kibanda cha kuegeshea na matawi ya miembe havijui kwamba gari limerefuka, na dereva, baada ya saa mbili barabarani, naye huwa amesahau. Karatasi yenye kimo hicho ibandikwe kwenye dashibodi.

Baiskeli zilizo juu pia hupambana na upepo moja kwa moja, gari likala mafuta zaidi na kuyumba linapopishana na basi la mikoani. Zilizo nyuma zimejificha kwenye kivuli cha bodi. Kwa upande mwingine, zilizo juu haziguswi na matuta, hazizibi taa wala hazizuii buti kufunguka, kwa hiyo kwa baiskeli mbili nyepesi na watu wawili wenye nguvu za kuzinyanyua, paa bado ni chaguo ninalolipendelea.

Dhana: Keria ya mikanda hukaa kwenye buti la gari lolote.

Hukaa, ila haikai salama kwenye kila gari. Ndoano zake hushika kingo za buti, na mzigo wote huishia kwenye bawaba na bati jembamba. Spoila ya plastiki huvunjika ikiegemewa, na kioo hakipaswi kubeba chochote. Kiwango cha kawaida cha keria hizi ni kilo 15 kwa kila baiskeli, tena mbili au tatu tu. Keria ya namna hii inayodai kubeba nne ningeipita bila kuuliza bei. Prado na RAV4 za zamani, zenye tairi la akiba mlangoni, zina keria zake zinazofungwa kwenye tairi hilo, lakini bawaba za mlango huo nazo zina mpaka, na mara nyingi baiskeli mbili zinatosha.

Katika keria za kuning'iniza, umbo la fremu ni jambo la kuangalia mapema. Baiskeli ya kike na ya mtoto hazina bomba la juu la mlalo, hivyo zinahitaji fito ya kuunganisha shingo ya usukani na bomba la kiti, vinginevyo zitaning'inia upande na kugongana na jirani zake. Katika keria za mifereji zinazobana gurudumu la mbele kwa mkono wa chuma, kikwazo ni madigadi: mkono huo huliponda na kulisukuma hadi likakwangua tairi. Kwa familia yenye baiskeli za mchanganyiko wa namna hiyo, nashauri zipelekwe dukani zote, zijaribiwe hapohapo kabla ya fedha kutolewa.

Dhana: Kamba ni kamba.

Mkoa wa mkonge hauwezi kukosa kamba za mkonge, na kwa mizigo mingi zinafaa. Kwenye keria zina kasoro moja kubwa: zinapolowa huvimba na kujikaza, na zinapokauka hulegea, kwa hiyo mvua moja kati ya Muheza na Korogwe inatosha kulifanya fundo lililokazwa kwa nguvu kuwa mapambo. Mipira iliyokatwa kutoka tyubu huzuia kitu kisichezecheze, lakini hunyumbuka, na kwa kunyumbuka huruhusu baiskeli kuruka na kutua kwa kishindo. Kinachofaa ni mkanda mpana wa kufuma wenye kibano, usiochanika kingo na usiopauka. Jua huudhoofisha, hivyo uliopauka ubadilishwe hata kama bado unaonekana mzima.

Dhana: Turubai hulinda baiskeli safarini.

Kwa mwendo wa barabara kuu, turubai hugeuka tanga. Huongeza mzigo kwenye kila kishikizo, nalo hukwangua rangi kwa kupigapiga. Kufunika tandiko peke yake kunatosha.

Dhana: Kibao cha namba kikizibwa, polisi wataelewa.

Kibao cha namba na taa za nyuma zinapaswa kuonekana, mzigo uwepo usiwepo. Baiskeli tatu huweza kuziba vyote, zikiwemo indiketa, na aliye nyuma akakosa kujua kwamba gari linafunga breki. Ipo fito yenye taa na nafasi ya kibao, inayounganishwa na umeme wa tela, na fundi umeme anaweza kuiandaa. Upana nao utazamwe: IST ina mita 1.7 hivi, na baiskeli ya mtu mzima iliyokingamishwa nyuma yake huwa na mita 1.8 au zaidi kidogo, kwa hiyo tairi hujitokeza pembeni, usawa wa goti la dereva wa bodaboda anayepita kwa kubana. Tairi lisiwe pia nyuma ya bomba la moshi, kwani joto huliyeyusha.

Dhana: Ikishafungwa imefungwa.

Mikanda na nati hukaa sawa baada ya gari kutembea, si kabla. Dereva asimame baada ya kilomita chache, akaze upya, arudie tena akishapita kipande cha vumbi. Matuta ya vijijini, ambako mwendo wa mwisho kwa kawaida ni kilomita 50 kwa saa, yavukwe polepole zaidi ya kawaida, kwa sababu magurudumu ya nyuma yanaposhuka tuta, keria iliyojitokeza nyuma ndiyo inayogonga lami. Watengenezaji wengi hupunguza kiwango cha uzito kinachoruhusiwa kwenye barabara mbovu, na wengine hawaruhusu kabisa keria zao kutumika huko.

Kwa gari dogo lisilo na chuma cha kuvutia tela na baiskeli nne za chuma, jibu langu si keria yoyote. Kirikuu cha kukodi, yaani kigari kidogo cha mizigo, hubeba zote nne zikiwa wima, moja ikitazama mbele na ya pili nyuma ili usukani usigongane, magunia matupu yakiwekwa kati ya fremu, na mkanda mmoja ukipitishwa kila upande hadi kwenye ndoano za bodi.