Kabla ya kufunga mzigo wa kayaki, tazama mwezi

Kila likizo tunapokea vikundi vinavyotaka kuzunguka Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, kwa kayaki: wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi moja, ndugu na jamaa. Swali lao la kwanza huwa ni wabebe nini. Mimi huwauliza kwanza mwezi una siku ngapi.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi alfajiri, yakapwa karibu saa nne asubuhi. Tena hayashuki kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kupwa, saa ya tatu na ya nne ndizo zinazoondoa karibu nusu ya maji yote. Ukihesabu utaona ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, wakati ule ule ambao kila kikundi hupenda kuondoka kwa kuwa jua halijakuwa kali na bahari inaonekana imelala. Maji ya ghuba hutokea mlango wa Kinasi kwenda bahari kuu, na mkondo wake una nguvu. Upepo ukiukabili kutoka nje, mawimbi husimama pale mlangoni, mafupi na makali. Mpiga kafi mgeni hana cha kufanya humo.

Kwa hiyo chagueni siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu. Siku hizo asubuhi maji huwa yanajaa taratibu, na mkondo wake huwasukuma ndani badala ya kuwatoa nje. Jioni ya kuamkia safari someni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi, kisha waulizeni wavuvi wa Utende, kijiji kilicho ufukweni mwa ghuba. Mvuvi akisema leo hapana, ahirisheni, hata kama kayaki mmeshazilipia.

Sasa mzigo. Kila kayaki ina kiwango cha uzito inachoweza kubeba, na kiwango hicho kinamhesabu na mwenye kuketi. Vizito viwekeni chini kabisa, karibu na kiti, kulia na kushoto sawasawa. Vyepesi viende omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo. Mkirundika vitu juu, kayaki itayumba kwa kila wimbi, na upepo utapata pa kushika. Maji ya kunywa ndiyo mzigo mzito kuliko yote, maana lita moja ni kilo moja, na kwa jua letu mtu hahitaji chini ya lita 4 kwa siku nzima. Yagaweni katika chupa ndogo zilizofungwa kwa kamba. Nguo kavu, chakula na dawa zitiwe katika mifuko isiyopitisha maji, mdomo ukikunjwa mara tatu kabla ya kubanwa. Asiyekuwa nayo atumie ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana. Msirudi kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea: imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata ingeruhusiwa, haizuii maji.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: kayaki ikipinduka, ulicho nacho ni kile tu kilicho mwilini mwako. Chombo kitupu husukumwa na upepo haraka kuliko mtu anavyoogelea. Filimbi ifungwe kwenye jaketi la kuokolea maisha, na simu iwe ndani ya mfuko wake usiopitisha maji, shingoni, ndani ya jaketi. Jaketi lenyewe livaliwe na kufungwa. Mwombe mwenzio alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni, halijakaza. Anayejua kuogelea naye avae, maana akigongwa kichwa na chombo ujuzi wake hautamfaa.

Niliwahi kukagua kikundi cha kayaki kumi kilichobeba dumu moja tu la maji, lita 20, katika kayaki ya kijana mwenye nguvu kuliko wenzake. Walidhani wamepanga vizuri. Kijana yule angepeperushwa, watu tisa wangebaki na kiu katikati ya ghuba. Kila mtu abebe maji yake, chakula chake na kofia yake. Kafi za akiba ziwe mbili, katika vyombo viwili tofauti. Sanduku la huduma ya kwanza na kamba ya kuvutia apewe mwenye uzoefu anayekaa nyuma ya wote, kwa sababu mwenye shida huachwa nyuma, hatangulii. Mwendo uwe wa yule aliye dhaifu, na pasiwe na anayepita umbali wa kusikia filimbi.

Kabla ya kuondoka, pindukeni kwa makusudi penye maji ya kifuani. Kila mmoja ajaribu kurudi chomboni mwake akishikiwa na mwenzake. Asiyeweza, siku hiyo apande kayaki ya watu wawili pamoja na aliyeweza.

Mwisho, mtu mmoja abaki nchi kavu na karatasi yenye majina, idadi na rangi za kayaki, njia mtakayopita, na saa ambayo asipowasikia atapiga 112, namba ya dharura, bila kungoja. Mkitia nanga kwingine mpigieni, na mkirudi salama mpigieni kwanza, kabla hamjaanza kupiga picha.