Je, ni kweli uzee huongeza kinyongo?

Wengi huamini kwamba kadiri mtu anavyozeeka ndivyo kinyongo kinavyomzidi. Hutolewa mfano wa yule mzee ambaye hali chakula kwa mdogo wake tangu wagawane minazi ya baba yao. Ukimuuliza, atakutajia mnazi kwa mnazi, nani alisimama wapi na nani alicheka.

Tafiti zinaonyesha kinyume: kwa wastani, wazee husamehe kwa wepesi kuliko vijana. Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameeleza kwamba mtu akiona muda wake umebaki mfupi, huwashika watu wanaompa utulivu na kuachana na mengine. Ila sisi hatuyaoni magomvi mengi aliyokwisha kuyasahau mzee. Tunaliona lile moja, maana ndilo linalosimuliwa kila harusi na kila matanga. Kwa hiyo la kuuliza ni kwa nini hilo moja halifi.

Mwaka 2000, mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake huko New York waliwazoesha panya kuuogopa mlio fulani kwa kuwapiga shoti ya umeme. Baadaye waliwasikilizisha mlio ule tena, na papo hapo wakawatia kwenye ubongo dawa inayozuia utengenezaji wa protini, ambazo ubongo huzihitaji ili kuhifadhi kumbukumbu. Hofu ikafifia. Waliotiwa dawa bila kusikilizishwa mlio waliendelea kuogopa vilevile. Yaani kumbukumbu ikiitwa hulainika, na lazima ijengwe upya ndipo ikae.

Fikiria nyumba ya udongo inayokandikwa kila masika yakipita. Baada ya miaka arobaini bado imesimama, lakini udongo unaougusa ni wa juzi, na alama za vidole ni za aliyekandika mara ya mwisho. Ukuta usiokandikwa huporomoka wenyewe. Yawezekana kisa kinachosimuliwa kila mwaka huenda hivyohivyo: kicheko cha siku ile kikaja kuwa dharau, kisha njama.

Nasema yawezekana kwa sababu hofu ya panya si kinyongo, na majaribio kwa binadamu yametoa majibu yasiyolingana.

Lililo wazi zaidi ni hili. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake waliwaomba watu waandike visa viwili: walipokosewa, na walipokosea. Kama waliokosewa, waliandika madhara yanayoendelea hadi leo. Kama wakosaji, waliandika jambo lililokwisha zamani. Na walikuwa watu walewale.