Mansart, msanifu majengo wa Louis XIV: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Jina la Jules Hardouin-Mansart limebandikwa kwenye mambo mengi asiyoyabuni. Aliyoyabuni hasa hayaonekani kirahisi, maana yamejificha nyuma ya kuta, kati ya makuba na kwenye makabrasha ya malipo. Alizaliwa Paris mwaka 1646, akawa msanifu mkuu wa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa mwaka 1681, akafariki Marly mwaka 1708.

Dhana: Paa la mansadi ni uvumbuzi wake

Si wake. Wala si la François Mansart, mjomba wa mama yake, ambaye ndiye aliyelipa paa hilo umaarufu na ambaye Jules alichukua jina lake mwaka 1668. Pierre Lescot alikwisha kuezeka hivyo kwenye kasri la Louvre, Paris, katikati ya karne ya 16.

Ni paa lenye miinamo miwili kila upande. Ule wa chini husimama karibu wima, hivyo ndani ya kenchi unapatikana chumba cha kuishi mtu badala ya kichochoro cha panya. Udhaifu wake uko kwenye mkunjo, pale mwinamo wa juu uliolala unapokutana na wa chini. Maji ya juu huteremka polepole, na upepo ukiyapiga huyarudisha chini ya vigae. Kwa hiyo mkunjo hufunikwa kwa bamba la madini ya risasi lililopenyezwa chini ya ezeko la juu na kulalia vigae vya chini. Bamba likiwa fupi, boriti ya mkunjo huanza kuoza, na mwenye nyumba hana habari mpaka dari ilowe.

Wapo wanaosema paa hili lilibuniwa ili kukwepa kodi ya ghorofa. Kilicholisambaza zaidi Paris ni kanuni ya mwaka 1783, miaka 75 baada ya kifo chake, iliyopima urefu wa jengo hadi kwenye ukingo wa juu wa ukuta na kuliacha paa nje ya hesabu. La kuchekesha ni kwamba upande wa kasri la mfalme la Versailles unaotazama bustani, kazi yake mashuhuri kuliko zote, hauna paa la mansadi hata kidogo. Paa lake limefichwa nyuma ya ukuta mfupi wa nguzo, kwa mtindo wa Kiitalia.

Dhana: Versailles yote ni yake

Philibert Le Roy alijenga kasri dogo la matofali na mawe kwa ajili ya Louis XIII kati ya 1631 na 1634. Louis Le Vau akalizungushia jengo jipya la mawe kuanzia 1668. Mansart aliingia mwaka 1678, akarefusha kasri kwa mabawa mawili makubwa, akajenga mazizi ya farasi na jengo la kuhifadhia michungwa wakati wa baridi.

Dhana: Ukumbi wa Vioo wa Versailles una vioo 17 vikubwa, vilivyowekwa kwa fahari tu

Kilicho 17 ni matao, yanayotazamana na madirisha 17. Kila tao limeunganishwa kwa vipande 21, jumla 357. Vipande ni vidogo kwa sababu wakati ukumbi unajengwa, 1678 hadi 1684, kioo kilikuwa bado kinapulizwa kwa bomba, kisha kinapasuliwa na kulazwa. Pumzi ya fundi ndiyo iliyoweka mpaka wa ukubwa. Mbinu ya kumimina kioo juu ya meza ya chuma, inayotoa vipande vipana, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1680, ukumbi umekwisha.

Ili kioo kiakisi, karatasi nyembamba ya madini ya bati ilitandazwa mezani, ikamwagiwa zebaki, kioo kikatelezeshwa juu yake taratibu kisifungie hewa, kikawekewa vitu vizito. Meza iliinamishwa kidogo ili zebaki iliyozidi ichuruzike kwa siku nyingi. Kioo kikitelezeshwa kwa pupa, mapovu hubaki kama madoa. Unyevu ukipenya nyuma, tabaka hilo hugeuka jeusi kuanzia pembeni. Mvuke wa zebaki nao uliwaumiza mafundi.

Kuhusu fahari, haikukosekana. Lakini ukumbi una urefu wa mita 73 na upana wa mita 10.5, na upande mmoja tu ndio wenye madirisha. Ukuta wa pili usipoakisi mwanga, nusu ya ndani huwa kiza. Isitoshe, mahali hapo palikuwa na baraza la wazi la Le Vau, lililopigwa na mvua na upepo. Mansart aliliezeka. Michoro ya dari ni ya Charles Le Brun.

Dhana: Kuba la Invalides lilijengwa kwa ajili ya Napoleon, na linalotazamwa ndani ndilo la nje

Invalides ni makao ya askari wazee na majeruhi huko Paris, na kuba hilo ni la kanisa lake, lililokamilika mwaka 1706. Napoleon alizikwa humo mwaka 1861. Dai la pili ndilo lenye utamu zaidi, maana makuba ni matatu.

La chini kabisa, la mawe, limeachwa wazi katikati. Kupitia uwazi huo mtazamaji huona la pili, lililochorwa na Charles de La Fosse, nalo hupata mwanga kutoka madirisha ambayo aliye sakafuni hawezi kuyaona. Picha huonekana inawaka yenyewe. Juu yake liko la tatu, la mbao zilizofunikwa kwa mabamba ya risasi, ambalo kazi yake ni kuonekana kutoka mbali: ncha yake iko mita 107 juu ya ardhi. Kama lingekuwa la mawe, uzito wake ungezisukuma kuta nje. Risasi nayo ina kero yake. Jua huitanua, nayo huteremka kwa uzito wake, na bamba kubwa lililopigiliwa pande zote hupasuka. Mabamba madogo yaliyokunjwa kingo, yenye nafasi ya kucheza, hudumu. Wazo la kuba lililokatwa juu Jules alilitoa katika michoro ya François.

Dhana: Alichora kila kitu kwa mkono wake

Saint-Simon, mwandishi wa kumbukumbu za ikulu aliyemchukia, alidai kinyume chake: kwamba wengine ndio waliomchorea. Ni kweli alikuwa na ofisi yenye wachoraji hodari, akiwemo Robert de Cotte, shemeji yake, aliyemalizia kanisa la Versailles mwaka 1710. Bila ofisi hiyo kazi zisingekwenda. Kila jengo lilihitaji maelezo ya kazi, zabuni, mkataba wenye bei kwa kipimo, kisha upimaji kabla ya malipo. Kipimo kilikuwa tuazi, futi 6 za mfalme, karibu mita 1.95. Msingi ulipimwa ungali wazi, maana ukishafukiwa hubaki neno la mkandarasi. Mwaka 1699 Mansart alipewa usimamizi wa majengo yote ya mfalme, cheo kilichowahi kushikwa na waziri Colbert.

Mwaka huohuo aliupanga upya uwanja wa Vendôme huko Paris, ambao mpango wake wa kwanza ulikwama kwa ukosefu wa fedha. Zilitangulia kuta za mbele, nyuma yake viwanja vitupu. Wanunuzi walijenga nyumba zao baadaye, kila mmoja kwa kadiri ya mfuko wake, nyuma ya madirisha yaliyokwisha kupangwa.