Kuongeza Baruti Hakunyooshi Shabaha

"Fundi, inapiga pembeni. Niongeze baruti?" Swali hili nimelikinai. Huja nalo kijana wa Sikonge, huja nalo mzee wa Urambo, na siku hizi huja nalo aliyeshinda kwenye simu akitazama Wamarekani wanaangusha kulungu mita 150 kwa gobore la kisasa, naye anataka lake la urithi lifanye hivyohivyo. Nawajibu wote kwa mkupuo. Nasema na mwenye silaha iliyosajiliwa na kibali mkononi. Lililofuliwa uchochoroni sina ushauri nalo zaidi ya kulisalimisha polisi.

Dhana: Baruti ikizidi, risasi inanyooka na kwenda mbali

Kila mtutu una kipimo unachokipenda, na ukikipita, matundu kwenye karatasi ya shabaha yanaanza kutawanyika. Mtutu hauongezeki urefu kwa sababu umemimina zaidi. Inayozidi inaishia kuungua nje, wewe unabaki na moshi, mwanga na teke la bega. Bega likishapigwa mara mbili, ya tatu unafumba macho kabla hujavuta kifyatulio, halafu unaniambia gobore limepinda.

Umbali nao. Risasi ya gobore ni gololi, nayo ni duara, na duara halipasui hewa vizuri. Gololi ya nusu inchi ikitoka mdomoni kwa kasi kubwa hupoteza zaidi ya theluthi moja ya kasi hiyo kabla ya kufika mita 100. Ukiitoa kwa kasi zaidi, hewa nayo inaibana zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ulichokigharamia kwa baruti ya ziada inapotelea njiani. Hao Wamarekani wa kwenye simu hawapigi gololi tupu. Wanapiga risasi ya ncha iliyovishwa kikombe cha plastiki, ndani ya mtutu uliochongwa mifereji ya kuizungusha risasi, ambayo mara nyingi inazunguka mara moja kila inchi 28, na juu wamefunga darubini. Hata hivyo bunduki hizo nyingi zimewekewa kikomo cha greni 150 za baruti (greni 15 ni kama gramu moja), na wawindaji wengi hutulia kwenye 100 kwa sababu hapo ndipo tundu linapoangukia juu ya tundu.

Kama lako lina mifereji na unapiga gololi iliyofungwa kitambaa, usiniulize mimi, kiulize kitambaa. Ukishapiga, na wenzako wakishaweka silaha chini, tembea mbele ukakiokote. Kikiwa na weusi wa duara katikati na kingo zimechakaa kidogo, shwari. Kikiwa na tundu la kuungua, ama baruti ni nyingi, ama kitambaa ni chepesi, ama hukukipaka mafuta ya kutosha. Kikiwa kimekatwa kama kwa wembe, ndani ya mtutu au mdomoni pake kuna makali. Watu wanalikanyaga jibu lao majanini wakija kunitafuta.

Njia yenyewe ni hii: anza na kiwango cha chini kilichoandikwa na mtengenezaji, shabaha iwe mita 50, bunduki ilale juu ya mfuko wa mchanga. Piga tatu, panda greni 5, piga tatu tena, na kikomo cha mtengenezaji usikivuke. Chagua kipimo kilichokusanya matundu, si kilichotoa mshindo. Kama lako halina maandishi yoyote, fundi mwenye leseni akague mtutu kwanza. Na ninaposema kipimo, nina maana ya kikopo chenye alama. Najua babu alimimina kiganjani. Babu alikuwa akinyemelea hadi hatua ishirini.

Kuna na wanaobomoa risasi za shotigani ili wapate baruti "kali". Hiyo si baruti nyeusi, ile ya gobore. Shinikizo lake linaweza kupasua mtutu wa gobore, na mkono wako wa kushoto uko palepale unapopasukia. Kwa hili sina mjadala.

Ukitaka kufanya jambo moja tu leo, chora alama mbili kwenye mdeki, ule ufito wa kusindilia: ya mtutu mtupu, na ya mtutu uliopakiwa sawasawa. Alama ya pili ikisimama juu ya mdomo, gololi haijakaa juu ya baruti, na ukifyatua hivyo mtutu unaweza kuvimba. Ikisimama juu sana, huenda umepakia mara mbili. Gololi ikikaa palepale kila safari, bila kuibonda leo na kuigusa tu kesho, matundu yenyewe yanaanza kusogeleana. Hakuna ninayemwambia hili akalifanya siku hiyohiyo.

Dhana: Gobore lolote, kwa bidii, litafika mita 100

Mengi ya urithi ni laini ndani. Bila mifereji gololi haizunguki kwa mpangilio, inakwenda inakotaka. Kwangu mimi la namna hiyo ni silaha ya mita 50 kushuka, na mahali pa moyo na mapafu ya swala pala ni padogo kuliko pa kulungu yule wa Marekani. Sogea. Miombo ya huku ina miti ya kujificha, na mnyama aliyejeruhiwa utamfuata hadi usiku.

Dhana: Chochote kizito ni risasi

Madini ya risasi, laini na yasiyochanganywa, ndiyo yanayoshika mifereji kupitia kitambaa. Ya betri ya gari ni ngumu, na moshi wake ukiiyeyusha ni sumu kwako na kwa watoto walioketi jirani. Vipande vya nondo vinakwaruza mtutu, na mtutu uliokwaruzwa haurudi ulivyokuwa.

Dhana: Imepiga kushoto, nisogeze kilengeo

Tundu moja halisemi kitu. Piga tatu, tazama katikati yake, ndipo usogeze kilengeo cha nyuma kuelekea unakotaka risasi iende. Cha mbele kinakwenda kinyume: ukikipunguza kwa tupa, risasi inapanda. Na tupa hairudishi chuma, kwa hiyo punguza kidogokidogo.

Dhana: Imefungwa na mtu

Fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, inalia, baruti haishiki, mara linatajwa jina la jirani. Ondoa jirani, tazama chuchu ya fataki, kijibomba unachokivisha fataki. Imeziba masizi, au ina mafuta uliyoacha juzi, au imenyonya unyevu wa masika.

Dhana: Bunduki haioshwi kwa maji

La baruti nyeusi linaoshwa kwa maji, tena ya moto yenye sabuni. Zaidi ya nusu ya baruti hiyo ikiungua inabaki kuwa masizi yenye chumvi, yanayovuta unyevu na kula chuma. Mafuta hayayayeyushi, yanayafunika tu. Hakikisha halijapakiwa, osha siku hiyohiyo, kausha, paka mafuta mepesi. Kabla ya kupakia tena, yafute yote kwa kitambaa kikavu na ulipue fataki moja tupu kukausha njia, mdomo ukielekea mahali salama. Usipofanya hivyo risasi ya kwanza itakwenda kivyake, nawe utarudi kuniuliza kuhusu baruti.