Uso uliotulia, mgonjwa anaona dharau

Katika kazi yangu ya afya ya akili, kati ya picha za nyuso ninazowaonyesha wagonjwa, inayonifundisha zaidi si ya mtu aliyekunja uso kwa hasira. Ni ya mtu aliyetulia tu, hacheki wala hajanuna. Mgonjwa mmoja wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kushuku watu, aliisukuma mbali kwa kidole: "Huyu ananidharau." Ile ya mwanamke anayecheka aliitambua papo hapo.

Ubongo huupokea uso upesi sana. Ukivishwa kofia ya kupima umeme wa ubongo (EEG) kisha ukaonyeshwa uso, takribani milisekunde 170 baadaye hutokea wimbi hasi, hasa upande wa kulia kuelekea kisogoni. Linaitwa N170. Kwa watu wengi wenye skizofrenia, wimbi hilo huwa dogo. Yaani hitilafu huanza pale macho, pua na mdomo vinapounganishwa kuwa uso, kabla mtu hajawaza huyu ana nia gani. Ndiyo maana kumwambia "hebu mtazame vizuri" hakusaidii sana.

Halafu kuna amigdala, sehemu ya ubongo inayotushtua tukiona hatari. Tafiti za MRI, mashine inayopiga picha ubongo ukiwa kazini, zilipolinganisha amigdala inavyoitikia uso wenye hofu na uso uliotulia, tofauti kwa wagonjwa ilikuwa ndogo. Ni rahisi kudhani kwamba amigdala imelala. Lakini kwa sehemu mambo ni kinyume: hata uso uliotulia unaiamsha kupita kawaida, hivyo ukitoa hiki kwenye kile, kinachobaki ni kidogo. Hesabu ya kutoa ndiyo iliyotuficha hilo.

(Picha za nyuso za mwanasaikolojia Paul Ekman za mwaka 1976, zilizotumika mno katika tafiti hizi, ni za Wazungu watupu. Mgonjwa wangu akikosea, kwanza najiuliza kama ni ugonjwa au ni ugeni wa sura.)

Dawa hutuliza sauti na shuku, ila usomaji wa nyuso haubadiliki sana. Kwa hiyo huwaomba ndugu waseme kwa mdomo kile wanachodhani uso umeshasema. Mama amerudi sokoni kachoka, kanyamaza, aseme: "Mwanangu, miguu inaniuma, sijakukasirikia." Yapo pia mazoezi ya kutambua nyuso kwenye kompyuta, na alama hupanda kweli. Mimi huanza na la mama, maana halingoji umeme urudi.