Mgeni, mwenyeji na siku tatu: dhana potofu kuhusu ukarimu

Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa yule uliyemtandikia kitanda na kwa yule usiyejua hata alikotoka. Kigiriki cha kale kilikuwa hivyohivyo: xenos ni mtu wa nje, ni mgeni wa nyumbani, na pengine ni mwenyeji mwenyewe. Kilatini kilizidi. Hospes, mgeni au mwenyeji, ni ndugu wa hostis, adui. Ukianzia hapo, mengi tunayoyasema juu ya ukarimu hayasimami.

Dhana: Ukarimu ni moyo mwema tu.

Moyo una nafasi yake, sikatai. Lakini kwa muda mrefu wa historia ukarimu ulikuwa sheria, tena yenye makali. Pasipo na askari wala nyumba ya wageni, anayebisha hodi usiku aweza kuwa mnyang'anyi. Na anayemfungulia aweza kumuua akachukua mzigo wake. Kila mmoja ana sababu ya kumwogopa mwenzake, na chakula ndicho kinachouzima woga huo. Wagiriki waliuweka mkataba huu mikononi mwa mungu wao mkuu, wakamwita Zeus Xenios, mlinzi wa wageni. Kaskazini mwa Albania, Kanuni ya Lekë Dukagjini, sheria ya kimila ya huko, inasema nyumba ni ya Mungu na ya mgeni, na kwamba hata anayedaiwa damu na ukoo wako akiingia kwako, umwambie karibu. Hakuna anayekutaka umpende.

Dhana: Mkarimu wa kweli haweki mipaka.

Mipaka ilikuwepo, na hesabu yake inashangaza kwa kufanana. Hadithi ya Mtume Muhammad inafundisha kwamba ugeni ni siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka, na si halali mgeni akae hadi amtie mwenyeji wake dhiki. Sheria za wafalme Hlothhere na Eadric wa Kent, Uingereza, za karne ya 7, nazo zinataja usiku tatu: uliyemhifadhi muda huo akimdhuru mtu, umfikishe mbele ya sheria, la sivyo ulipe wewe. Nasi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hisia yangu ni kwamba siku tatu zinatosha mtu kupumzisha miguu, na hazitoshi kumaliza ghala la mwenyeji.

Dhana: Kazi ya mgeni ni kupokea.

Kwa masimulizi ya Wagiriki, vita vya Troia vilizuka kwa sababu ya mgeni: Paris, mwana wa mfalme wa Troia, alipokewa na Menelaus, mfalme wa Sparta, akaondoka na mke wa mwenyeji wake. Katika vita hivyohivyo, mshairi Homer anatuonyesha Diomedes na Glaucus, wapiganaji wa pande mbili, wakikaribia kupigana, kisha wakagundua kwamba babu ya mmoja aliwahi kumkaribisha babu ya mwingine. Wakaacha, wakabadilishana silaha. Deni la ugeni lilirithiwa kama shamba.

Dhana: Fedha ikiingia, ukarimu umekufa.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Mogadishu mwaka 1331. Anaeleza kwamba meli ikiingia, vijana waliiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza: huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara alishukia kwa mwenyeji huyo, ambaye ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyenunua kwa mfanyabiashara huyo kwa bei ya kutupa, au aliyemuuzia mwenyeji asipokuwepo, biashara yake haikutambuliwa. Je, hapo ni ukarimu au udalali? Ni vyote viwili, na sioni aibu yoyote ndani yake. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi.

Dhana: Wazungu hawana desturi hii.

Kanuni ya Benedict, mwongozo wa maisha ya watawa wa Kikristo wa karne ya 6, iliwaagiza watawa wampokee kila mgeni kama Kristo. Kilichotokea baadaye ni kazi hiyo kuhamia kwenye taasisi. Hospitali, hosteli na hoteli, yote matatu yametoka kwa hospes yuleyule.

Dhana: Haya ni mambo ya nyumbani, siasa haihusiki.

Mwaka 1795 mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kuwa ukarimu si hisani bali ni haki: haki ya mgeni kutotendewa kama adui kwa sababu tu amefika kwenye ardhi ya mwingine. Akaiwekea mpaka: ni haki ya kuzuru, si ya kuhamia. Na hakuwa akiwasuta wenyeji wanaofunga milango. Aliwasuta Wazungu wenzake, ambao kwao kuzuru nchi za watu na kuziteka lilikuwa jambo moja, akasema China na Japani zilifanya busara kuwabana wageni wa aina hiyo.