Kabla hujagusa injini ya MGB, kagua vizingiti

Mpwa wangu alinunua MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, la mwaka 1966, la wazi, jekundu, lililokuwa limelala kwenye banda la shamba kwa miaka mingi. Jioni hiyohiyo akanitumia picha kumi na mbili, zote za injini. "Shikamoo mjomba. Nianze na kabureta au nishushe injini nzima?" Nikamwambia asiguse kitu mpaka nifike, na siku hiyo aniandalie jeki, tochi, bisibisi kuukuu na sumaku. Basi.

Tangu nihamie Uingereza nimeshafufua MGB tatu, zote katika banda la nyuma ya nyumba, jioni baada ya kazi na Jumamosi. Sikusomea ufundi wa magari. Gari la kwanza nililianza pale alipotaka kuanzia mpwa wangu. Injini ikatoka safi, rangi ikang'aa, kisha siku ya kulishusha kutoka kwenye stendi milango ikagoma kufunguka. Nikarudia kazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo ninachoandika hapa nakiandika kwa moyo wote.

MGB lilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya magari laki tano. Lililolitangulia, MGA, lilikuwa na shasi yake, na bodi ikakaa juu. MGB halina shasi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, giaboksi, abiria na kila kitu. Na lile la wazi halina paa la kusaidia kubeba, hivyo uzito wote ulio kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unategemea handaki la giaboksi katikati na vizingiti viwili, yaani ile sehemu iliyo chini ya mlango, unayoivuka ukiingia. Anayekijua kitanda cha kamba atanielewa upesi: vizingiti ndiyo mifumbati ya gari hili. Mfumbati ukioza, hata ukisuka kamba mpya kitanda kitabonyea.

Nilipofika sikufungua boneti. Nilifunga mlango wa dereva na kutazama mwanya kati ya ukingo wake wa nyuma na madigadi ya nyuma. Chini, sarafu mbili za pauni zilipita pamoja bila shida. Juu haikupita hata moja. Nikaweka jeki katikati ya gari, mahali pake chini ya kizingiti, nikapandisha polepole huku mpwa wangu ameshika sarafu yake pale juu. Magurudumu hayajaacha ardhi, sarafu ikaingia. Nikaongeza kidogo, ya pili ikaingia. "Mjomba, mlango unasogea!" Mlango haukusogea. Ni gari lililokuwa limekunjika katikati kama kitabu, na jeki ilikuwa inalikunjua.

Sumaku ilimaliza maneno. Mbele ya kizingiti ilishika, katikati ikateleza ikaanguka. Pale palikuwa na puti, nene kama mkate wa kumimina, na chini ya puti bati jembamba ambalo fundi fulani wa zamani alilichomelea juu ya kutu ili pafanane na pazima. Nilipogonga kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Tulipokata lile bati, ndani mlimwagika kutu kama majani ya chai, nusu ndoo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, chumvi naijua inavyokula mabati ya nyumba za pwani. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna nchi ambako watu huimwaga barabarani kwa makusudi. Hapa kila majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu isishike. Gurudumu la mbele hurusha tope lenye chumvi nyuma ya madigadi, linajikusanya pale ambapo huwezi kuliona, linabaki bichi miezi mingi, na kutu huanza ndani ikitoka nje. Ukiona malengelenge kwenye rangi, ujue ndani kumekwisha kitambo.

Kizingiti cha MGB si bati moja. Kuna bati la nje unaloliona, bati la ndani upande wa miguu ya dereva, bati la kusimama katikati yao linalogawa nafasi hiyo, na chini kabisa reli yenye meno kama ukuta wa ngome inayoyafunga yote pamoja. Ukibadilisha la nje peke yake umebadilisha kanzu, mgonjwa ni yuleyule. Bati la nje pia ni refu kuliko mlango: ncha zake zimejificha nyuma ya madigadi ya mbele na ya nyuma. Madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti, yatoe. Ya nyuma yamechomelewa, kwa hiyo sehemu yake ya chini hukatwa na kupachikwa mpya. Wengi huogopa hatua hiyo, wakakata bati jipya liishie ukingoni mwa mlango, na nguvu yote ya kizingiti ikaishia hapohapo.

Kabla ya kukata, fungia gari kwa chuma lisikunjike. Sisi tulichukua bomba la chuma la mraba, tukalifunga kutoka kwenye bawaba za mlango hadi kwenye nguzo ya kitasa, pande zote mbili, baada ya kurekebisha mwanya kwa jeki mpaka juu na chini ukalingana. Gari lilikaa likibebwa chini ya ekseli na mahali pa springi za mbele, uzito ukae kama linavyokaa barabarani. Ukilibeba katikati, utachomelea mkunjo mpya uwe wa kudumu. Na upande mmoja kwanza, mpaka umalizike. Usikate pande zote mbili kwa siku moja hata ukiwa na haraka ya namna gani.

Kuhusu moto sitanii. Toa betri, toa mazulia na sponji zote, na ukifanya kazi upande wa nyuma shusha tangi la petroli, lipeleke nje ya banda. Weka kizima-moto na ndoo ya maji karibu, na ukimaliza kuchomelea kaa hapo saa nzima kabla ya kufunga mlango.

Mashine ya waya na gesi inamfaa mtu wa nyumbani. Bati jipya hutobolewa matundu ya milimita 6 hadi 8 kando ya ukingo, hubanwa kwa klampu juu ya lile la chini, kisha unajaza tundu moja moja. Usifuate mstari. Jaza moja mbele, moja nyuma, moja katikati, uache chuma kipoe, la sivyo bati litapinda kwa joto. Na kabla ya kujaza la kwanza, rudisha mlango kwenye bawaba zake uufunge. Mpwa wangu alichoka na hili, maana tuliufunga na kuufungua mlango ule labda mara arobaini. Kila mara sarafu mbili juu, sarafu mbili chini. Mwisho tukapuliza nta ndani ya kizingiti kupitia matundu ya maji, mpaka ikachuruzika upande wa pili.

Huku Uingereza gari lililopita miaka 40, kama halijageuzwa sana, halilazimiki kupelekwa ukaguzi wa kila mwaka tangu 2018. Wengi wanaifurahia ruhusa hiyo. Mimi kila mwaka nalipeleka langu kwa hiari, nikalipa, kwa sababu namtaka mtu mwingine alale chini yake na nyundo.

Baada ya bodi, mengine huja kwa utulivu. Vipuri vipo karibu vyote. Hata bodi nzima mpya bado hufyatuliwa kwa mashine za asili, kazi ambayo kampuni ya British Motor Heritage ilianza 1988. Nunua spana za inchi, maana nati zake ni 7/16, 1/2 na 9/16, na spana ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi itakula kona zake. Gari la 1966 lina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na upande uliofungwa kwenye bodi ni chanya, si hasi. Ukifunga redio ya kisasa bila kujua hilo, umeiunguza. Waya usizikisie, zina lugha yake: kahawia ina umeme wakati wote, nyeupe hupata ukifungua swichi, kijani hufuata baada ya fyuzi, nyeusi ni ya bodi. Taa ikififia, anza na nyeusi.

Kabureta zake mbili za chapa ya SU ndizo ninazozipenda kuliko kitu chochote katika gari hili. Injini ikiwa imeshapata joto, na kabureta zote mbili zikiwa zinavuta hewa sawa, inua pistoni iliyo ndani ya kabureta moja kwa milimita moja hivi, usizidishe, usikilize. Mlio ukipanda ukabaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, petroli ni pungufu. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, umefika. Nati ya kurekebisha iko chini, izungushe kiasi cha upande mmoja tu wa nati kwa mara moja, kisha uinue pistoni tena. Walioko Nairobi wakumbuke kuwa kule juu hewa ni nyepesi: kabureta iliyopimwa Mombasa itakuwa na petroli nyingi ikifika huko, na plagi zitatoka nyeusi.

Juzi tuliondoa bomba la mraba upande wa dereva, tukashusha gari likasimama kwa magurudumu yake. Mpwa wangu akachukua sarafu zake mbili, akapitisha juu, akapitisha chini, akafungua mlango na kuuachia. Ukajifunga wenyewe kwa mlio mmoja mzito. Hakusema kitu, akaufungua tena. Kisha akachukua chaki, akazunguka upande wa abiria, akaanza kuchora mahali pa kukata.